Anayempikia Baba

4 Februari

Dada yangu, usomaye hata nisichoandika,

Pokea salamu nyingi kama maganda ya viazi yaliyonizunguka hapa. U hali gani? Wateja wa duka la dawa bado wanakuonyesha vidonda vyao kabla hujawauliza? Yule paka wa jirani ameshazaa, au ni unene tu? Mimi sijambo, tena sijambo ya kupitiliza. Mashavu yamejaa, kandevu kameota, na kwenye bwalo hili la kiwanda cha viatu hakuna asiyenijua. Nikipita na sinia watu wanainuka. Jemadari, mama ambaye ndiye mpishi wetu mkuu, anasema wanainuka kwa sababu namwaga mchuzi. Mwache, ana kijicho.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria la supu. Kiwanda kizima kilikunywa supu ile, na waliomba waongezewe. Barua hii nampa dereva wa lori la mboga, ambaye hupita kwenu akijisikia.

Huku mambo yamegeuka. Meneja aliona watu wakishashindilia wali na viazi mchana wanasinzia kwenye mashine, na mmoja nusura ajishone kidole kwenye soli. Imetoka amri: wali, viazi, tambi na mkate mweupe vipunguzwe, mboga ijaze sahani. Sasa nani alikuwa mfalme wa viazi vya kukaanga? Mimi! Nilinuna, nikasusa, nikatishia kuacha kazi. Hakuna aliyenizuia, nikabaki. Halafu nikajisemea, mimi nishindwe na kabichi? Leo hii koliflawa naikuna inakuwa kama wali, bilinganya naichoma mpaka inaomba radhi, na wale waliokuwa wanalilia viazi wanalamba vidole. Shule niliikimbia, lakini mboga zimenipa cheti.

Na yule mwenye nyumba? Simuulizii. Naulizia nyumba tu. Paa halivuji? Mlango wa karakana bado unalia ukifunguliwa? Na anayeufungua, bado anaufungua alfajiri? Ukijibu, jibu kama unaeleza habari za mlango.

Ni mimi mdogo wako, Naibu Mpishi (karibu)

---

27 Februari

Kijiko, mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, dereva aliilalia. Sijambo. Paka alizaa, mmoja amehamia kwenye kapu langu la nguo.

Mlango bado unalia. Anayeufungua siku hizi anachelewa, na anaufungua akiwa amevaa kandambili. Ndizo habari za mlango.

Sasa habari za baba. Amepimwa, ana sukari. Vidonge anameza, lakini daktari ametaka wali, viazi na mkate vipungue sana, mboga zichukue nafasi hiyo. Unamjua baba: sahani isiyo na kilima cha wali anaiona kama meza isiyo na miguu. Na mimi natoka asubuhi, narudi giza limeshaingia. Chakula chake cha mchana siwezi kukipika.

Usihofu, yupo anayempikia. Ni mwanamume, mtaratibu, ana nia ya kujifunza. Ila mboga zake zina ladha ya wodi. Anauliza unafanyaje kabichi ikae mahali pa wali bila mtu kutamani kulia.

Usiniulize ni nani. Nimeapishwa.

Dada yako

---

9 Machi

Dada yangu mpenzi, uliyeapishwa na nani sijui,

Natumai u mzima, na kitoto cha paka hakijakuzalia viroboto. Huku tu wazima. Jemadari amekata nywele, anafanana na meneja, na meneja hajafurahi.

Kwanza poleni. Sukari! Nilisoma neno hilo nikiwa nimeshika kisu, Jemadari akaninyang'anya kisu. Mwambie baba pole. Hapana, usimwambie. Sema tu pole kwa sauti akiwa jirani.

Sasa tuje kwenye lile la pili. MWANAMUME?

Dada, wewe ulikuwepo. Unaikumbuka sahani yangu ya mwisho hapo nyumbani. Nilipika kwa mikono hii, samaki wa kuchoma na viazi vyangu vyenyewe, rangi ya dhahabu, kila kimoja kikilia kama biskuti. Baba akaisogeza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa. Akasema, "Mimi nilizaa seremala. Mwanamume wa kunivalia aproni ndani ya nyumba yangu simtaki." Nikafunga mzigo, wewe ukabaki umeshika mlango. Leo dume jingine limevaa aproni, limekalia kigoda changu, linachota kwa mwiko wangu, na baba anafungua mdomo kama kinda la ndege! Huyo hakusogezewa sahani?

Ana umri gani? Ni mrefu? Baba anamcheka anapotania, kile kicheko cha puani? Si kwamba naona wivu. Nataka kujua tu.

Haya, kwa ajili ya baba, si kwa ajili yake, mwambie hivi. Kabichi asiichemshe! Anayechemsha kabichi ana ugomvi na watu. Aikate utepe mrefu mwembamba. Kikaango kipate moto hasa, mafuta kidogo, kitunguu saumu kilichopondwa kinuke tu kisiungue, kisha kabichi iingie na asiifunike. Aigeuzegeuze mpaka ncha ziwe kahawia huku katikati bado inalia menoni. Chumvi mwishoni, ndimu mwishoni kabisa. Karoti nazo azikate nyembamba, azipake mafuta na bizari kidogo, azichome zipate makunyanzi. Utamu wake utajitokeza wenyewe.

Na koliflawa aikune kwa kikunio itoke punje punje kama wali. Hapo ndipo kuna siri ya mwisho, na hiyo simpi. Ajue kwamba kuna wapishi na kuna watu wanaosimama karibu na jiko.

Kijiko wako, asiyeona wivu

---

2 Aprili

Kijiko,

Dereva alipotea wiki nzima, anadai ni tairi. Viroboto wapo, asante.

Kabichi ilikubali. Baba alimaliza akafuta sahani kwa kidole, halafu akanitazama kama nimemfumania. Mpishi wake ameitaka tena na tena, mpaka nyumba nzima inanuka kitunguu saumu.

Karoti nazo! Jumapili nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Hakupata kisu cha kumtosha, kwa hiyo akachukua randa ya karakanani, akaiosha kwa maji ya moto, akaegemeza karoti kwenye meza na kuiparaza. Ulitoka utepe mwembamba unaopitisha mwanga. Akafanya hivyo hivyo kwa mamumunye. Penseli iko sikioni, na kabichi anaipigia mstari kwanza ndipo aikate. Nilicheka mpaka nikafukuzwa jikoni.

Koliflawa ndiyo msiba. Aliipimia maji kama wali, akafunika. Ikawa uji, tena uji wenye harufu ya soksi. Baba alikula vijiko viwili kwa heshima. Nilipofagia karakana nikakuta ganda la mkate chini ya maranda, na halikuwa la kwanza.

Siri yako ya mwisho inahitajika. Kijana, tafadhali.

Dada yako

---

11 Aprili

Dada,

Salamu zipo, nitazitafuta baadaye.

RANDA?

Ile randa ya mpini mweusi? Ile ambayo baba alirithi kwa babu na kuilaza kwenye kitambaa kama mtoto mchanga? Mimi, damu yake, niliigusa siku moja tu, tena kwa kidole, akanifukuza karakana nzima na fimbo ya kupimia mkononi! Nilipokuwa nikimsaidia alinipa msasa. Msasa, dada! Ujana wangu wote nimesugua miguu ya viti. Leo mtu wa kuja anaparazia karoti, na baba amekaa anatazama?

Nimeshamjua. Penseli sikioni, randa mkononi, mistari kwenye kabichi: huyo ni mwanagenzi. Baba amechukua mwanagenzi. Amepata mtoto wa kiume anayeshika randa na mwiko kwa pamoja. Mimi nilikuwa nusu tu, ndiyo maana nilisogezwa.

Usinijibu kwamba nakosea. Naijua nyumba hiyo. Halali chumbani kwangu, eh? Kama analala chumbani kwangu, kile kitanda kina mguu mmoja mfupi, namwombea aanguke.

Siri sitoi. Yeye si fundi? Aipige randa hiyo koliflawa inyooke. Jemadari ameniuliza kwa nini leo nakata vitunguu kama nachinja. Nimemwambia nyumbani kuna mtu ana mikono mizuri kuliko yangu. Akasema, "Basi na wewe nenda kampikie huyo mzee." Nikamwambia, mama, mimi kule sahani yangu ina miguu, huondoka yenyewe. Hakucheka. Alinipa vitunguu vingine.

Neno la mwisho. Kandambili. Uliandika mwezi wa pili ukapita haraka, nami nikapita nawe. Baba alikuwa hamruhusu hata mteja kuingia karakanani bila viatu vigumu. Kwa nini amevaa kandambili? Barua iliyopita hukujibu kwa sababu sikuuliza. Sasa nauliza.

Kijiko

---

15 Aprili

Kijiko,

Sikumngoja dereva wa lori. Hii imekuja na kondakta wa basi.

Ana kidonda kwenye kidole cha mguu. Msumari ulipenya kiatu, hakuusikia, mguu umekufa ganzi. Kidonda hakifungi. Nakisafisha kila jioni, na kila jioni ananiambia kimepungua. Hakijapungua. Daktari amesema mwisho wa mwezi ujao ataangalia tena, na sukari ikiwa palepale hatazungumzia dawa, atazungumzia kukata.

Nilinyamaza kwa sababu ungekuja mbio, mkagombana mlangoni, na yeye angekuwa amesimama juu ya mguu huo.

Mchana anashinda njaa ya wali, kisha anatafuta mkate. Kabichi peke yake haimtoshi kila siku. Nipe hiyo siri. Kama hutaki kumpa anayepika, nipe mimi.

Dada

---

17 Aprili

Dada,

Mpe. Mpe yote, mwanagenzi huyo, na randa ashike, na kitanda alalie. Niliweka gazeti chini ya ule mguu mfupi, angalia kama bado lipo asije akaanguka kweli.

Siri ni maji. Koliflawa ina maji yake, ukiiongezea ya kwako umepika uji. Ikishakunwa aitie kwenye kitambaa safi, aisokote na kuikamua kwa nguvu zote za kiseremala mpaka mikono imuume. Kikaango kipana, kikavu, moto mkali. Aitandaze kidogo kidogo, isirundikane. Asifunike, asikoroge ovyo. Ikae ipate rangi, ageuze, ikae tena. Ikianza kunuka kama karanga ndipo atie mafuta kidogo, kitunguu kilichokaangwa, pilipili manga na chumvi.

Sasa sikiliza hili, halijui Jemadari wala meneja, nimelitoa kichwani kwangu nikimfikiria mtu mmoja. Baba hataki wali, baba anataka kilima. Kwa hiyo achukue bakuli, alipake mafuta, aishindilie koliflawa ndani, kisha aligeuze juu ya sahani alitoe taratibu. Pembeni amwekee maharage mabichi yaliyokaangwa na nyanya, na bilinganya ya kuchoma iliyopondwa na kitunguu saumu. Samaki au yai lisikosekane, asije akaamka na njaa ya mkate. Siku akililia viazi, aichemshe koliflawa kidogo tu, aichuje ikauke, aiponde na vitunguu saumu vilivyochomwa vizima na kijiko cha maziwa ya mgando. Akifumba macho, atakula.

Asimwambie baba imetoka kwangu. Akijua, ataisogeza kwa kidole.

Bado namchukia huyo kijana. Mwambie akamue vizuri.

Kijiko

---

30 Mei

Mdogo wangu,

Naanza na la mguu, kwa sababu najua utaruka salamu. Sukari imeshuka. Daktari alikitazama kidonda, akakibonyeza pembeni, akasema kinafunga na kwamba hana la kukata. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia. Baba akaniuliza kama nimesahau mwavuli.

Salamu sasa. Sijambo, na paka wangu amekuwa mkubwa. Kile kilima kinapandwa kila mchana. Maranda nimeyafukua, sijaona mkate tena.

Sikuwahi kukuambia kuna mwanagenzi. Wala sikukukataza kudhani, na hapo nilifanya makusudi. Mwezi wa pili ningekuandikia, "Baba anaomba umfundishe kupika," ungecheka mwezi mzima, naye angejua umecheka. Nikaona wivu wako utafanya kazi haraka kuliko huruma yako. Haukuniangusha. Lakini ulipoandika kwamba ulikuwa nusu, nusura nivunje kiapo.

Hakuna anayempikia baba isipokuwa baba. Aproni anayovaa ni yako, uliiacha nyuma ya mlango. Nilimsomea barua zako zote isipokuwa ile ya nusu. Ile aliichukua mezani akaisoma mwenyewe karakanani, na siku hiyo sikusikia msumeno.

Amesema karatasi isijae, ana maneno machache. Yako hapa chini, kwa penseli.

Dada yako

*Kijana. Kabichi naikata upana wa nusu kidole. Ukizidisha haivi sawa. Wewe unaandika "mwembamba" tu, hicho si kipimo.*

*Koliflawa nimeikamua kwa jiriwa ya karakanani, ile ya kubania mbao. Inatoka kavu kuliko kwa mkono. Ijaribu.*

*Aproni yako fupi. Kisu ulikiacha butu, nimekinoa.*

*Samaki wa siku ile alikuwa mzuri. Ulipoondoka nilimla.*

*Meza ya jikoni iko chini mno, mgongo unauma. Natengeneza nyingine, ndefu, ya watu wawili. Upande wangu nimeshaupima. Wako siujui, umekua. Miguu ya upande huo sijaikata. Nahitaji kimo chako toka chini hadi kiwiko.*

---

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Na dada naye shikamoo, ingawa nitamshtaki mbele ya paka wake.

Kumbe muda wote huo nilikuwa namwombea aanguke kitandani mtu ambaye kitanda alikitengeneza yeye! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa juu ya gunia la karoti, kisha Jemadari akaninyang'anya akaisoma kwa sauti bwalo zima. Hapo pa samaki walipiga sufuria kwa miiko. Mimi sikupiga, nilikuwa nakata vitunguu. Kwa kweli vilikuwepo.

Usidhani wivu umeisha. Umehama tu. Jemadari sasa anataka mamumunye yote yapitishwe kwenye randa, na mafundi wa kiwanda ameshawaomba jiriwa ya kukamulia koliflawa. Miezi yote hii nimejipiga kifua hapa kuwa mpishi wa ukoo mzima ni mimi, leo wananiita "mtoto wa yule mpishi." Mzee, umeingia jikoni juzi tu! Mimi nina alama za moto mpaka kwenye kiwiko!

Kuhusu hicho kiwiko. Nimesimama kwenye mlango wa stoo, bila viatu, Jemadari akapiga alama kwa chaki, nikakata kamba. Ndiyo hii iliyozungushwa kwenye barua. Fundo liko upande wa chini. Jemadari anasema niliinua visigino. Anasema hivyo kwa kijicho.

Ruhusa nimepewa. Kamba inatangulia na kondakta wa basi, mimi nafuata na lori la mboga, kwa hiyo jipe muda. Miguu usiikate kabla sijafika. Tutaipima tena, niwe nimesimama mimi mwenyewe, na wewe uwe umekaa, mguu wako juu ya kigoda changu.

Na usipike siku hiyo. Au pika, lakini nusu ya sahani niachie mimi.

Mwanao, Kijiko